Jukwaa la Kurukia

Jumatatu, 6 Oktoba
Presha 148 kwa 92. Dada yangu ni muuguzi. Ameniachia kimashine chake cha kupimia na daftari hili, akaniamuru niandike namba kila jioni, na chini yake niandike lililonisumbua siku hiyo. Anasema hivyo ndivyo nitakavyojua kinachonipandisha. Nilimwambia mimi seremala, kinachonipandisha ni wateja. Akasema basi andika wateja.

Leo si mteja. Leo ni mke wangu, aliyenipa habari kwamba sherehe ya kumaliza shule ya Chiriku itakuwa na keki ya ghorofa tatu. Chiriku ni kitinda mimba wetu, tulimpa jina hilo kwa sababu tangu ajue kusema hajafunga mdomo. Yuko darasa la mwisho pale shule ya msingi, wako sitini na mmoja. Watavaa joho na kofia za pembe nne kama maprofesa. Niliuliza wanahitimu nini hasa, maana mtoto bado hajui kufua soksi zake. Mama yake akaniambia nimeanza, na kweli nilikuwa nimeanza.

Alhamisi, 9 Oktoba
150 kwa 94. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi alikuja karakana. Wanataka jukwaa, na wanataka nilijenge mimi kwa kuwa nina mtoto pale na nitaona haya kuharibu.

Huyu Mwenyekiti tumesoma darasa moja, shule hii hii. Siku hizi ana malori matatu na tumbo la kutosha, lakini sisi wa zamani tunamjua kwa jina la Mkia. Alilipata siku ya kufunga shule. Enzi zetu siku ya kufunga ilikuwa hivi: asubuhi unakwenda na ufagio wako kutoka nyumbani. Mnafagia uwanja, mnasugua madawati kwa mchanga mpaka wino utoke, halafu mnapanga mstari juani. Mwalimu mkuu anatoka na karatasi, anasoma majina, wa kwanza hadi wa mwisho, na kila anayesomwa anatoka mstarini kuchukua ripoti yake. Tulikuwa hamsini na tisa. Mstari ukaisha, tukabaki wawili kwenye vumbi, mimi na yeye, shule nzima inatutazama. Nilimwomba Mungu nisiwe mimi. Nikasomwa wa hamsini na nane, nikatoka mbio, na yeye akabaki ameshika mkia peke yake. Hakuna mzazi aliyekuwepo. Baba yangu alikanyaga shule ile mara moja tu, siku ya kuniandikisha. Tulipewa pipi mojamoja, tukaimba, tukaenda zetu.

Sasa Mkia anataka jukwaa la mita moja na robo kwenda juu, refu kama darasa. Nimekubali.

Jumanne, 14 Oktoba
146 kwa 90. Mvua. Nimekata nguzo kumi na mbili.

Jumamosi, 18 Oktoba
155 kwa 95. Mwenyekiti kapita tena. Anasema amefikiria, mita moja na robo ni fupi, wazazi wa nyuma hawataona. Anataka mita mbili kasoro kidogo. Nilimwonyesha nguzo zimeshakatwa. Akatazama, akasema kama kazi imenizidi kimo yupo fundi mwingine mtaa wa pili.

Hapo ndipo kiburi kilinipanda. Nilimwambia mita mbili kasoro atazipata. Nguzo ndefu hazipo, lori la mbao limekwama njiani kwa sababu ya matope na hakuna ajuaye litafika lini. Kwa hiyo nimeziunga hizi hizi. Nimechonga ncha ya kila nguzo nusu ya unene wake, nikailaza juu ya kipande kingine, bolti mbili na misumari. Kuunga nguzo si dhambi, ilimradi uweke mbao za mshazari, zile zinazotoka juu ya nguzo hii kwenda chini ya nguzo ile ili fremu isiyumbe. Kiungo kikishikwa namna hiyo hakina neno. Ila sikumwambia mtu kwamba nimeunga.

Alhamisi, 23 Oktoba
147 kwa 91. Jukwaa limesimama uwanjani. Chiriku alileta wenzake saba kulitazama akawaambia, "Hili kalijenga baba yangu peke yake." Nimekula vizuri leo.

Jumatatu, 27 Oktoba
160 kwa 98. Mpiga picha wa sherehe ametoa wazo, na kamati imelipenda. Watoto hawatapanda ngazi kwa pembeni. Watapita chini ya jukwaa, gizani, kisha watatokeza mbele kupitia pazia huku moshi wa rangi unafuka, halafu ndiyo wapande. Kwa hiyo chini pawe wazi, na mbao zangu za mshazari zinawazuia njia. Mwenyekiti akanitaka nizitoe.

Nilisema zina kazi. Akauliza kazi gani, jukwaa si limesimama? Watu wa kamati walikuwa wamenizunguka. Kueleza kazi ya mbao zile ni kueleza viungo, na kueleza viungo ni kusema niliwauzia nguzo za viraka. Nikazitoa. Nimebakiza mbili tu, kule nyuma.

Mke wangu ndiye atakayeshona pazia la kuficha miguu ya jukwaa. Anashona hapa mbele yangu ninavyoandika. Kitambaa cha buluu, mita na mita.

Jumatatu, 3 Novemba
168 kwa 101. Nimepima mara mbili nikidhani kimashine kimeharibika.

Tukiwa mezani Chiriku akatupa habari kubwa. Mwisho wa sherehe, wanafunzi wote watakuwa juu ya jukwaa, mpiga picha atarusha ile kamera yake inayopaa, na wote wataruka kwa pamoja wakitupa kofia juu, ili picha iwakute hewani. Kuna mmoja amechaguliwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Ni yeye. Kwa sababu ya sauti yake, alisema, na kaka zake wakacheka kwamba hatimaye domo limempatia cheo.

Mimi sikucheka. Mtoto wa umri ule ana kilo arobaini, kuna wa hamsini. Sitini na mmoja, hizo ni kilo elfu mbili na nusu, kama mifuko hamsini ya saruji. Mifuko ikikaa imekaa. Hawa watapaa na watashuka, wote mara moja, kwa hesabu moja, na uzito unaoshuka si uzito uliokaa. Na chini kuna nguzo kumi na mbili zenye goti katikati.

Nimewahi kuona kiunzi kikianguka. Nilikuwa najifunza kazi, tulikuwa tunamimina zege. Watu hudhani kitu kama hicho hupiga kelele. Hakikupiga. Kililala upande, taratibu, kama mtu aliyechoka, na waliokuwa juu wakalala nacho. Fundi aliyenifundisha kazi hakutembea tena mpaka alipozikwa. Kosa lilikuwa ni mbao za mshazari, mtu alizitoa ili toroli lipite.

Jumanne, 4 Novemba
165 kwa 100. Nimemshauri mwalimu mkuu wasiruke. Sikutoa sababu. Akasema watoto watalia.

Jumamosi, 8 Novemba
158 kwa 97. Leo ilikuwa siku ya mazoezi. Nilikwenda nikijidai kukagua ngazi.

Nilikwenda na kinyongo changu, niseme ukweli. Mambo ya joho, keki, moshi wa rangi, yote niliona ni ya watu waliokosa kazi. Lakini nikamwona yule kijana mrefu anayekaa dawati la nyuma, ambaye Chiriku anasema hadi leo kusoma kunamshinda. Enzi zetu huyo ndiye angebaki kwenye vumbi. Mwalimu akampanga mstari wa mbele, katikati, licha ya kimo chake, akamfunga kofia vizuri kidevuni, na alikuwa anacheka meno yote nje. Nilimuuliza mwalimu majina yatasomwa kwa mpangilio gani. Akasema kwa alfabeti. Kwamba namba kila mzazi ataipata kwenye bahasha, kimya kimya. Nilijifanya kutazama ngazi kwa muda. Toka hapo sitaki tena wasiruke. Nataka waruke, na naogopa.

Walipanda kumi na tano tu, wanakwaya na Chiriku, hawakuruka, waliimba wakicheza kidogo. Mimi nilikuwa mbali. Chiriku alirudi nyumbani kimya, akala kimya, akalala mapema. Mama yake anasema ni woga wa kuhesabu mbele ya watu.

Jumatano, 12 Novemba
166 kwa 100. Mvua tangu jana. Nimepita uwanjani, nimebonyeza udongo pale mguu wa kona ulipo. Kidole kimeingia hadi fundo la pili.

Alhamisi, 13 Novemba
Mvua. Sikupima.

Ijumaa, 14 Novemba
Mvua. Nguzo za upande wa kushoto zimezama kama upana wa vidole vitatu. Niliingia chini ya pazia nikawasha tochi. Mbao zimelowa zimevimba, na kwenye viungo viwili kuna ufa umeanzia kwenye tundu la bolti. Nikaweka kucha, ikaingia. Sasa hata nikirudisha mbao zote za mshazari siliamini tena jukwaa hili. Nilitoka chini ya lile pazia mbio, mlinzi akaniuliza kama nimeona nyoka.

Jumatatu, 17 Novemba
172 kwa 104. Nimemwambia mke wangu yote. Viungo, mbao nilizotoa, ufa. Alikuwa anapiga pindo la mwisho la joho la Chiriku. Akasimamisha cherehani.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Mimi siruki," akasema.

Akaniambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba hapa maradhi ni yangu ila kifo ni cha watoto wa watu. Kisha akalia, akasema mikono yake ndiyo iliyoshona kitambaa cha kuyafichia. Nimekaa naye tu.

Jumatano, 19 Novemba
170 kwa 103. Nilikwenda kwa Mwenyekiti kwenye yadi ya malori yake. Nilipiga moyo konde nikamwambia: niliunga nguzo, sikukwambia, lawama ni yangu. Jukwaa lishushwe hadi usawa wa goti, nitafanya kazi hiyo bure.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea. Lakini aliinamisha kichwa akauliza, sauti ya chini, kama nakumbuka tulisimama wapi siku ile. Nikasema nakumbuka. Akasema yeye kila anapopita pale uwanjani hukwepa sehemu ile, mtu mzima na malori yake. Wanawe wakubwa walisoma mbali kwa sababu hiyo hiyo. Tangu awe mwenyekiti kitu kimoja tu amekitaka, watoto wa shule ile siku ya mwisho wasisimame chini. Wawe juu, juu kabisa, na wakubwa ndio wainue shingo.

Miaka yote hiyo nilidhani ni majivuno. Niliona aibu, maana mwenzangu nilimwacha pale nikakimbia, na jina la Mkia mimi nilikuwa mmoja wa waliolieneza.

Lakini hakukubali. Alisema wageni wamealikwa, moshi umeletwa, na kwamba mimi tangu shule ni mwoga. Funga kamba, alisema, gonga misumari, wewe si fundi? Nilipofika getini akaniita.

"Usinirudishe pale chini," akasema. "Mbele ya watu wote wale, usinirudishe."

Alhamisi, 20 Novemba
Sijapima, sina haja. Nimemuuliza Chiriku kama amejiandaa kuhesabu. Akasema ndiyo. Neno moja, ndiyo. Nimemwomba rafiki yangu mchomelea vyuma aje kesho alfajiri, kabla ya sherehe, na jeki mbili za lori. Hakuuliza ni za nini.

Ijumaa, 21 Novemba
Tulifika kunapambazuka. Mlinzi alitufungulia akidhani ni marekebisho. Nikafungua pazia la mke wangu kipande kwa kipande nikalikunja vizuri. Tukaweka jeki chini ya boriti ya kona, tukalinyanyua kidogo tu, nikashika msumeno nikakata nguzo ya kwanza usawa wa goti, chini ya kiungo, nikakitoa kipande cha juu. Tukashusha. Tukahamia ya pili. Nguzo ya nne jeki iliteleza kwenye tope, kona nzima ikashuka kwa kishindo hatua moja kutoka mguu wangu. Tukairudisha jeki tukaendelea.

Tulipofika ya tisa mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu na orodha yake. Akauliza ninafanya nini. Nilikuwa nimechoka hata kutafuta uongo. Nikamwonyesha kipande cha nguzo chenye ufa, nikamwambia nilijenga vibaya, nikaficha, na leo nimeogopa. Alikiangalia, akakigeuza. Akasema nimalizie na tatu zilizobaki, yeye anakwenda kusogeza viti vya nyuma vije mbele.

Saa tatu jukwaa lilikuwa limekaa kwenye tope kama kitanda. Mwenyekiti alikuja na suti. Aliliona tangu getini. Hakunijia wala hakunitukana, alisimama tu pale njiani, uso umemshuka, halafu akaenda kukaa kiti chake cha mbele. Heri angenizaba kofi.

Wazazi walipata la kuchekea. Mmoja aliuliza hili ni jukwaa au mkeka. Mwingine akasema fundi kaishiwa mbao, na mwingine akamjibu kaishiwa akili. Watoto walitokeza kwa pembeni badala ya kupita chini ya pazia, na moshi wa rangi ukafuka peke yake. Niliwatazama wanapanda, sitini na mmoja, kila mmoja hatua moja tu na yuko juu. Majina yakasomwa kwa alfabeti. Keki ikakatwa. Ikafika zamu ya picha.

Chiriku alisimama pembeni ya mbele. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. Akatazama miguu yake, akatazama zile mbao, akanitazama tena. Uso wake sikuuelewa, nikadhani ni aibu ninayomtia. Kisha akahesabu, na sauti yake ilifika hadi barabarani. Moja. Mbili. Nilikuwa nimefumba macho. Tatu.

Kishindo kilinipitia kwenye nyayo. Jukwaa lililia, likakaa. Nilipofumbua macho kofia zilikuwa zinashuka na watoto wamekumbatiana, yule mrefu amembeba mwenzake mabegani, na hakuna aliyeumia hata kidole. Watu wakapiga makofi wakaanza kuulizia soda. Hakuna mzazi hata mmoja aliyejua nini kingetokea, na mimi pia sijui. Pengine lingesimama. Pengine nimemvunja moyo rafiki yangu wa utotoni na kumwaibisha mwanangu kwa ajili ya hofu tupu, na hilo sitalijua mpaka naingia kaburini.

Jumamosi, 22 Novemba
150 kwa 95. Chiriku hasemi na mimi. Hasemi na mtu.

Jumapili, 23 Novemba
148 kwa 94. Mvua imekata. Mwenyekiti alipita karakana asubuhi, hakuketi. Aliuliza lingeanguka au lisingeanguka. Nilisema sijui. Akasema kwa hiyo hujui. Nilisema sijui, bwana, na nisamehe, na la siku ile ya vumbi pia nisamehe. Alisimama kidogo akikwaruza mbao kwa kidole, akasema yule mtoto mrefu mama yake amempigia simu kumshukuru. Akaenda zake.

Jumatatu, 24 Novemba
Chiriku alikuja karakana baada ya chakula cha mchana. Alikaa kwenye benchi, akawa anaokota maranda na kuyafungua. Nikamwacha. Nilijiambia akianza kulalamika kuhusu jukwaa la goti nitasikiliza hadi mwisho, nimeyastahili.

"Baba," akasema, "siku ile ya mazoezi lilicheza."

Nikaweka randa chini. Akaendelea bila kunitazama. Walipokuwa wanaimba, jukwaa lilikwenda kushoto likarudi. Wenzake hawakujali, walidhani ndivyo majukwaa yalivyo. Yeye alijua sivyo, amekulia humu karakana. Usiku ule na kila usiku baada ya hapo hakulala vizuri. Alikuwa anaota anafika mbili, halafu tatu haitoki.

Nilimuuliza mbona hakuniambia, mbona hakumwambia mama yake, au mwalimu, au mtu yeyote.

"Nilishawaambia wote umelijenga wewe," akasema.

Nilimuuliza, na sikutaka kujibiwa, kama nisingelikata angefanyaje siku ile.

Akafikiri. Chiriku wangu hajibu kitu akadanganya, ndiyo shida yake.

"Ningehesabu," akasema.